Ukisharusha, Geuka

Nguvumali, Tanga
3 Machi 1957

Dada yangu mpendwa Kristina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Laurenti na mwanenu Noa, ambaye kwa hesabu yangu ametimiza miaka miwili na bila shaka anavunja vyombo. Sisi hapa hatujambo. Baba naye hajambo, ila goti lake linamsumbua mvua zikikaribia. Ameacha unyapara kule shamba la mkonge la Muheza, tumehamia Nguvumali tangu Januari, na siku hizi kazi yake kubwa ni uzee wa kanisa. Jumapili hukaa benchi la mbele akawageukia wanaochelewa, akawatazama mpaka wanatamani ardhi ipasuke. Barua zako zipeleke kwa Mzee Hatibu, mwenye duka kule Chumbageni, mjomba wake rafiki yangu Mwamvua. Sanduku lake la posta nimeliandika nyuma ya bahasha. Sababu unaijua.

Sasa nikupe habari yenyewe. Mwalimu wetu wa michezo, yule Mzungu mrefu aliyekuja mwaka jana, ametuletea mikuki. Si ya kuwindia nguruwe, dada. Ni mikuki ya mashindano, ya kurusha mbali tu. Wenzangu waliishika kama mwiko wa ugali. Mimi nilipoishika nilicheka peke yangu, maana niliijua. Ni ule mlingoti wetu wa mkonge, umevalishwa chuma puani.

Unakumbuka? Tulikuwa tukivunja milingoti mikavu, ile inayochomoza katikati ya mkonge uliozeeka, tunachagua iliyonyooka. Wewe unakwenda kusimama ng'ambo ya reli ya troli, unainua mikono miwili juu kuniambia uko tayari, nami narusha, kisha naukimbilia. Nikikugusa kabla hujauchomoa mlingoti ardhini, narusha tena mimi. Ukiuchomoa kwanza, zamu yako. Nilikuwa nakuwahi kila siku, na nimekuwa mkubwa ndipo nimetambua kwamba ulikuwa unajichelewesha makusudi.

Basi shida yangu ndiyo hiyo. Katika mchezo huu kuna mstari mweupe. Ukirusha kisha ukauvuka ule mstari, mwamuzi anainua bendera nyekundu, na mtupo wako hauhesabiwi hata kama mkuki umefika Pangani. Nami kila nikirusha nakimbia. Mwalimu amenifokea, haikusaidia. Akanifunga kamba kiunoni, akampa Mwamvua aishike, nikamburuta Mwamvua.

Mwezi wa Agosti kuna mashindano ya vijana wa Afrika Mashariki, sisi wa Tanganyika na wa Kenya na Uganda na Unguja, na yatafanyika Mombasa. Soma tena hapo dada. Mombasa. Baba hawezi kunipa ruhusa ya kuja kwako hata nikilia machozi ya damu, lakini akiambiwa na mwalimu kwamba ninahitajika, atakosa la kusema. Mimi sitaki kikombe. Nataka kukuona. Uliondoka nikiwa na miaka kumi na miwili, sijui hata kujisuka nywele, na tangu mama alipofariki ni wewe uliyekuwa ukinisuka. Miaka mitano ni mingi mno. Nisaidie na hii miguu.

Mdogo wako akupendaye,
Yudith


Mombasa
30 Machi 1957

Mdogo wangu Yudith,

Marahaba. Barua yako imefika, na anwani ya Mzee Hatibu nimeinakili mahali salama. Sisi tunaendelea. Laurenti bado yuko karakana ya reli, anarudi jioni ana mafuta mpaka masikioni, na sabuni katika nyumba hii haikai wiki. Mimi nashona nguo za watu. Joto la Mombasa ni lile lile la Tanga, ila hapa watu wanalilalamikia zaidi.

Umesema sababu naijua. Naijua. Baba aliniambia siku ile mlangoni kwamba nikivuka kizingiti cha kanisa la Wakatoliki nikafungishwe ndoa na padre, nisivuke tena kizingiti chake. Nilivuka, na sijutii kumpata Laurenti. Lakini nisikudanganye, mdogo wangu, harufu ya mkonge unaoanikwa ikinijia puani hapa mjini, kutoka kwenye magunia ya bandarini, huwa nasimama njiani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Kuhusu miguu yako. Unakimbia kwa sababu unautazama mkuki unakoangukia. Basi usiutazame. Ukisharusha, geuka. Tazama ulikotoka, mpe mgongo huo mkuki, na waache wengine wakuambie umefika wapi. Mtu hawezi kukimbilia kitu asichokitazama. Mimi nimelijaribu hilo katika mambo mengine na nimeona linafaa, ingawa shingo inauma.

Habari ya kuonana, tungoje kwanza. Agosti ni mbali.

Mtunze Baba. Goti lake lisuguliwe kwa mafuta ya nazi ya moto, si kwa ile dawa ya chupa.

Dada yako,
Kristina


Nguvumali, Tanga
12 Mei 1957

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, mvua ya masika imetukalia kooni, na barabara ya kwenda Chumbageni imekuwa matope matupu. Goti la Baba nimelisugua kwa mafuta ya nazi. Aliniuliza nani kanifundisha. Nikasema nimesikia kwa watu. Akanyoosha mguu nisugue vizuri.

Dada, nimegeuka! Majaribio yalifanyika Jumamosi, wamekuja wasichana kutoka Korogwe na Moshi hata Dar es Salaam. Nilirusha, nikageuka palepale, nikawapa mgongo waamuzi na mkuki na dunia nzima. Watu walicheka sana. Nyuma yangu hapakuwa na kitu cha kutazama ila Mwamvua anakula kashata, basi nikamtazama Mwamvua. Nikasikia kicheko kimekatika. Nilipogeuka tena bendera ilikuwa nyeupe na mkuki wangu umesimama peke yake mbali na ile mingine, futi mia moja na kumi. Nimechaguliwa. Mwamvua naye amechaguliwa kwenye mbio za yadi mia, kashata hazikumzuia.

Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe kumwomba Baba ruhusa. Baba alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema nitakwenda. Mgeni alipoondoka nilimngojea Baba aseme neno juu ya mji wenyewe, maana sote wawili tulijua nani anakaa huko. Alikirudisha kiti cha mgeni ukutani. Kisha akasema tu kwamba Mombasa ni mji mkubwa, watu hawaonani ovyo.

Lakini mimi na wewe tutaonana. Ni Jumamosi, tarehe 17 Agosti. Uje na shemeji na uje na Noa. Hukuniandikia hata neno moja juu yake. Anasema nini siku hizi? Ana pua ya Baba? Nimemshonea kofia, kama kichwa chake kimekuwa kikubwa kuliko ninavyodhani atavaa mwanasesere wake. Andika upesi.

Yudith


Nguvumali, Tanga
23 Juni 1957

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nimekwenda dukani kwa Mzee Hatibu kila siku nikitoka shule, mpaka sasa akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijavuka barabara. Je, unaumwa? Au nimekukosea? Au umekuwa mtu wa Mombasa kweli kweli na Tanga umeisahau? Andika hata mstari mmoja.

Yudith


Mombasa
7 Julai 1957

Mdogo wangu,

Nimezipata barua zako zote mbili. Usinifikirie vibaya. Nilikuwa siko sawa, na kila nilipokaa kuandika nilijikuta nimeshika cherehani. Laurenti anakusalimu. Amefurahi kuliko mtu yeyote kwa kuchaguliwa kwako, amewaambia wenzake wote karakana kwamba shemeji yake anarusha mkuki, na sasa wanamwogopa.

Nimefikiri sana juu ya Agosti. Naona bora nisije uwanjani. Ukiniona utasahau kugeuka. Utakimbia, na bendera itakuwa nyekundu mbele ya watu wa nchi nne, na kazi yako yote itakuwa bure kwa ajili yangu. Acha nibaki nyumbani nikuombee. Ukishinda nitasikia kwa Laurenti.

Usikasirike. Kofia mpe mtoto wa jirani.

Dada yako,
Kristina


Nguvumali, Tanga
21 Julai 1957

Dada Kristina,

Shikamoo. Hatujambo. Nimeisoma barua yako nyuma ya duka la Mzee Hatibu na nimekasirika, kwa hiyo usiniambie nisikasirike, umechelewa.

Kofia sitampa mtoto wa jirani. Mtoto wa jirani ana mashangazi wake na mama wadogo wake.

Nilijua tangu mwanzo kwamba utatafuta njia ya kutokuja. Naijua pia sababu, nayo si bendera. Unadhani Baba amekuchukia, na kwamba mimi nikija nitakuja na maneno yake. Kuna jambo sijakuambia, kwa kuwa nilidhani litakuumiza, lakini sasa naona ukimya wangu haujakusaidia kitu. Ulipomwandikia Baba kwamba umejifungua mtoto wa kiume na umempa jina lake, barua ilifika. Mimi ndiye niliyeileta kutoka posta. Aliutazama mwandiko, akaingia nayo kwenye mkonge, akarudi jioni mikono mitupu. Sijui aliichana au aliichoma. Hakulitaja jambo hilo siku ile wala siku yoyote. Basi hilo ndilo lote ninalolijua, na sitakuja na maneno yake kwa sababu hajanipa.

Maneno nitakayokuja nayo ni yangu. Nimekukumbuka. Nikisuka nywele nakukumbuka, nikipita kwenye reli ya troli nakukumbuka zaidi. Nafanya mazoezi kila siku mpaka bega linawaka, na ningependa kukuambia kwamba ni kwa heshima ya Tanganyika, lakini mimi natafuta nauli ya kuja kwako, na nimeipata kwa mkono wangu huu wa kulia. Usije basi, kama umeamua. Nitakutafuta kwa macho hivyo hivyo.

Yudith


Mombasa
22 Agosti 1957

Mdogo wangu Yudith,

Nakuandikia kabla hamjatulia kutoka safarini, kwa kuwa nisipoandika sasa nitashika tena cherehani.

Nilikuja. Hilo unalijua. Lakini hujui kwamba nilikuwapo tangu mwanzo, nimesimama upande ule mikuki inakoangukia, nyuma ya kamba, nimejificha kwa bwana mmoja mnene mwenye mwavuli. Nilimwambia Laurenti nitatazama tu kisha niondoke. Nilikuona ulivyoingia na nguo nyeupe. Nilikutambua kwa mwendo, maana urefu huo sikukuachia mimi. Umerusha mara ya kwanza, ukageuka. Umerusha mara ya pili, ukageuka, watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao huku nalia. Yule msichana wa Uganda alikuwa amekupita kidogo tu, na kila mtu alisema huyu wa Tanganyika bado ana mtupo mmoja uliobaki.

Ukauchukua mkuki kwa mara ya tatu. Ukasimama, ukatazama mbele kwa muda, na nilijua kabisa unatafuta nini. Mdogo wangu, naapa sikukusudia. Yule bwana alikuwa ameukunja mwavuli wake, na mimi nikajikuta mikono yangu yote miwili iko juu.

Ulirusha. Sijapata kuona kitu kwenda juu namna ile. Mkuki ulipita alama ya msichana wa Uganda, ukapita alama zote, ukachoma ardhi karibu na miguu yetu mpaka watu wa kwenye kamba wakarudi nyuma. Na wewe hukugeuka. Bendera nyekundu ilikuwa imekwisha kupanda, waamuzi wanakuita, na wewe unakuja tu. Ulipita kando ya mkuki bila kuutazama, ukanigusa begani ukasema, “Nimekuwahi.”

Basi usiseme tena kwamba ni kosa la miguu yako. Ni la mikono yangu. Ungekuwa wa kwanza katika nchi nne, umekuwa wa pili, na ni mimi niliyekuita.

Kisha ukaniuliza, “Noa yuko wapi?” Nikakujibu palepale, watu wanatusukuma huku na huku, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutojibu. Nilisema, “Tulimzika Desemba.” Mwalimu wako akaja akakushika mkono, na rafiki yako Mwamvua nyuma yake amebeba kikapu chako, ukanipitishia kikapu juu ya kamba, ukaenda unageuka nyuma kila hatua. Hatukupata hata muda wa kulia vizuri.

Ilikuwa homa. Ilianza usiku, na siku ya tatu ikaisha. Alikuwa amejua kutembea, na alikuwa na pua ya Baba, uliuliza. Sikukuandikia kwa sababu kila barua yako ilikuja ikimsalimia. Nilipoisoma ile ya Machi niliona kwamba kuna nyumba moja duniani ambako mwanangu bado anavunja vyombo, nikashindwa kuifunga. Na sikutaka kuja uwanjani kwa sababu ulisema nije naye. Hiyo ndiyo sababu, si Baba. Au si Baba peke yake. Nilimpa mtoto jina lake nikidhani jina litanifungulia mlango. Mlango haukufunguka, na jina limekwenda chini ya ardhi ya ugenini. Mwambie Baba lolote umwambialo juu ya mashindano, lakini hili usimwambie. Sitaki anihurumie kwa sababu ya msiba tu.

Nimekifungua kile kikapu. Yudith, hayo ni machungwa ya mti wetu wa Muheza, ule nilioupanda mwaka wa kipaimara changu. Ulisema Baba alikufungia ya njiani. Kikapu kizima, kwa msichana mmoja anayesafiri siku moja, tena kila moja limefungwa kwa jani lake la mgomba lisigongane na jenzake? Sijui nifikirie nini. Nimekula moja. Mengine yako mezani, Laurenti anayazunguka.

Dada yako,
Kristina


Nguvumali, Tanga
8 Septemba 1957

Dada yangu Kristina,

Shikamoo. Pole dada. Pole kwa Noa. Nimeliandika hapa kwa sababu pale uwanjani sikuwahi kulisema, na njia nzima ya kurudi, basi linatikisika, Mwamvua amenilalia begani, nililisema peke yangu moyoni hadi mpakani Horohoro na baada ya Horohoro. Mweleze shemeji kwamba nampa pole naye. Kofia ninayo bado. Sijui niifanye nini.

Usiniombe msamaha kwa mikono yako. Nilikuwa nimekwisha kukuona kabla hujaiinua, nilikujua kwa jinsi ulivyosimama na uzito mguu mmoja. Ningekimbia tu. Nimepewa medali ya mtu wa pili, nimeitundika juu ya kitanda, na nikiitazama sioni mkuki wala bendera.

Sasa nikueleze ya leo, ndiyo sababu ya barua hii.

Tumetoka kanisani. Mwalimu alikuwa amekutana na Baba jana sokoni, akampa habari zote za Mombasa. Nimemwandalia Baba chakula, hakula. Akaniita nikae. Akasema mwalimu anasema mtupo wangu wa mwisho ulikuwa mrefu kuliko yote. Nikasema ndiyo, Baba. Akasema, nawe ukavuka mstari. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini, maana, akasema, aliona jinsi nilivyogeuka katika majaribio; kumbe alikuwa amekaa nyuma kabisa siku ile, mimi sikujua.

Ningeweza kusema nilipitiwa. Lakini nilikuwa nimechoka kama wewe ulivyochoka. Nikasema, “Nilimwona Kristina.”

Jina lako halijasikika katika nyumba yetu kwa miaka mitano. Nilingoja asimame, au aseme kwa Kishambaa, maana unajua akikasirika huhamia huko. Hakufanya hivyo. Alikuwa anasugua goti.

Akasema, “Hajambo?”

Nikasema hajambo. Akauliza kama machungwa yalifika yote au tuliyala njiani. Nikasema yalifika yote. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa hesabu ikawa sawa. Kumbe alijua tangu siku ile anayafunga. Kumbe mji haukuwa mkubwa kiasi hicho.

Kisha akasema, “Na Noa?”

Dada, barua yako hakuichana wala hakuichoma. Aliisoma. Aliingia nayo kwenye mkonge akaisoma, na jina akaliweka moyoni miaka yote hii miwili na zaidi, na leo amelitoa akiwa ameinamisha uso, mzee mzima, anaona haya. Akasema, “Atakuwa anakimbia sasa.” Mimi nilikuwa nimeshika sahani yake, nikaendelea kuishika. Akadhani nimenyamaza kwa mshangao. Akanyoosha ule mguu mbovu, akatazama mlangoni, akasema, “Mwandikie mama yake. Mwambie aje naye.”

Uliniambia nisimwambie, na sikumwambia. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Niliosha vyombo na sasa nimekaa hapa kwa Mzee Hatibu nakuandikia, na Baba nyumbani anadhani nakuandikia neno moja nami nakuandikia jingine. Ulisema hutaki akuhurumie kwa sababu ya msiba. Hajaujua msiba, dada, naye ameita. Sitamjibu mimi. Jibu hilo ni lako, na si la kuandikwa kwenye karatasi likapitia dukani kwa mtu. Njoo nalo mwenyewe. Njoo mikono mitupu, kama ulivyoiinua uwanjani.

Basi la Mombasa hufika alasiri. Nitakuwa ng'ambo ya barabara, na nitainua mikono yangu ili ujue niko tayari. Ukishuka, dada, usigeuke.

Mdogo wako,
Yudith